Mtani wa Mume Wangu

Shuleni kwetu Mute mwalimu alitufundisha neno la Kireno, piada, yaani kichekesho cha kusimulia. Nikadhani utani nao ni hivyohivyo, mpaka nilipoolewa.

Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki, kwao Quiterajo. Kila akipita nyumbani humvua mume wangu kofia, aivae, aseme: "Mume wangu huyu, maskini, mkewe hamlishi!" Mume wangu, mtu wa maneno machache, alicheka mpaka akakohoa. Hakuwahi kucheka nami namna ile. Siku moja niliunguza mboga kwa hasira.

Nikamuuliza shangazi yake. Akasema, "Yule ni mtani wake. Mababu wa koo hizi mbili walipigana hadi wakachoka, wakaapa kuanzia hapo wapigane kwa maneno tu." Jirani akabisha: utani, alisema, ulianza kwa kuzikana, nani atachimba kaburi la mtu wenu kama wenyewe mnalia? Sikujali nani mkweli. Wivu haukupungua.

Kisha mama mkwe akafariki. Mume wangu alikaa mkekani siku mbili, halii, hali. Nilimpelekea uji, nikambembeleza, nikamshika mkono. Akautazama mkono wangu kama kitu cha mtu mwingine.

Siku ya tatu yule mama muuza samaki akafika. Hakutoa pole. Alijifunga kanga ya marehemu, akachukua fimbo yake, akaingia akichechemea vilevile kama mama mkwe, na kikohozi chake.

"Wewe! Mimi nimekufa, nawe umekaa kama gunia la muhogo? Kuni nani atapasua?"

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Alilia kama mtoto, kifudifudi, na yule mama amemshika mabega.

Akanigeukia, akasema taratibu, "Dada, lete uji sasa. Atakunywa."

Alikunywa wote. Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilimfuata yule mama jikoni, alikokuwa akiosha masufuria ya msiba.

"Mbona mimi hunitanii?" nikamuuliza.

Akaacha kusugua. "Wewe si wa koo zetu. Mimi nikikutania wewe, hayo ni matusi."

Nikachukua sufuria lililobaki, nikaliosha. Nilitamani anitukane.