Kiwimbi Juu ya U

Nilikuwa nimechoka kuchuma chai, nikatua Kisii mjini na kupata kibarua kwenye duka la kuchapisha mabango. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukata na kutoboa. Kompyuta niliigusa pale tu mwenye duka alipoenda kula.

Asubuhi moja akaja mama kutoka Nyacheki. Mwanawe alikuwa anaoa msichana Mkikuyu, na wazazi wa msichana wangefika bomani kwake Jumapili kwa mara ya kwanza. Mama alitaka bango la kuwakaribisha kwa lugha yao. Maneno alikuwa ametumiwa na msichana mwenyewe kwa simu.

Mwenye duka akayachapa kwa mwandiko wa maua aliouchagua mama. Kila palipotakiwa ũ, ile u yenye kiwimbi kichwani, pakatokea kisanduku kitupu.

"Mama, tuweke u ya kawaida," akasema. "Nani ataangalia?"

"Mama ya msichana ataangalia. Kwani hujui wakwe wanavyoheshimiwa kwetu? Siku hiyo siwezi kupayuka kama niko sokoni. Na Kiswahili changu unakisikia. Hilo bango ndilo mdomo wangu."

Mwenye duka alipoenda kula, nikaanza kupekua kwenye simu. Kumbe kompyuta haitunzi umbo la herufi, inatunza namba tu, na ũ ina yake, 361. Kuichora ni kazi ya mwandiko, na aliyeutengeneza ule wa maua hakuichora hiyo. Nikazidi kusoma. Wakamba wanayo. Wavietinamu wanayo. Waguarani wa Paragwai, huko Amerika ya Kusini, wanayo pia. Watu ambao hawajawahi hata kusalimiana, na namba yao ni moja!

"Umepata?" mama akauliza kutoka kwenye benchi.

"Mama, hata Vietinamu wanayo!"

"Na hao pia wanakuja Jumapili?"

Nikarudi kazini. Niliandika u ya maua, nikachukua kiwimbi kinachokaa peke yake kwenye kibodi, nikakipandisha juu yake. Kwa macho ilikuwa ũ. Kwa kompyuta ilikuwa u iliyobebeshwa mzigo.

"Nimeidanganya kompyuta," nikamwambia.

"Sawa, bora usimdanganye mkwe wangu."

Jumapili nilienda kulifunga bango mwenyewe, kati ya migomba miwili langoni. Wageni walipofika, mama wa msichana alisimama akalisoma kwa sauti, kidole kikifuata herufi hewani. Kisha akamgeukia mwenyeji wake na kumwaga Kikuyu, kirefu, cha haraka, kama anaongea na jirani wa miaka yote.

Mama mwenyeji, asiyejua Kikuyu hata neno, akanitupia jicho. Lakini mkwe hakatizwi. Akaitikia "ee, ee" mpaka mwisho, akavuta pumzi, akajibu kwa Ekegusii, lugha ya kwao, naye bila kufupisha. Mwenzake akasikiliza kwa makini, akitikisa kichwa kukubali, "ĩĩ, ĩĩ," na wakaingia nyumbani wameshikana mikono.