Mfalme Hasemi

Mama Mazimwi hakuwa na kinyaa. Ndivyo alivyojisifu mwenyewe, na waliomjua hawakubisha. Aliweza kukoroga ndoo ya ute kwa mkono mtupu, umezama hadi kwenye kiwiko, huku mkono wa pili umeshika mkate, na mkate ule akaumaliza bila kukunja uso. Ute wenyewe aliupika jikoni kwake kwa unga wa wanga, sabuni ya maji na rangi ya kijani ya keki, kisha akauacha ulale mpaka uvutike kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Wageni waliokaribishwa chai pale nyumbani walijifunza kuuliza kwanza sufuria ilipikiwa nini jana.

Kazi yake ilikuwa kuunda viumbe wa sinema za kubuni: majitu, wachawi, watu wa sayari za mbali. Alianzia mbali kidogo, kwenye kiwanda cha magodoro, ambako alikuwa mkata sponji. Mabaki yalikuwa yanatupwa. Akaomba, akawa anayabeba nyumbani kwa gunia, na siku moja akamchongea binti yake kichwa cha joka kwa ajili ya mchezo wa shuleni. Joka lile lilitawanya darasa la kwanza lote, mmoja akajikojolea. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kulalamika. Nyuma yake akaja baba wa mtoto mwingine, mpiga picha za sinema, naye hakuja kulalamika. Alikuja kuagiza majoka mengine.

Miaka ikapita, binti akaolewa, mume akatangulia mbele ya haki, na Mama Mazimwi akabaki na karakana yake uani na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Karakana ilinuka utomvu wa mpira na gundi. Kwenye rafu vilipangwa vichwa, na Bibi kila asubuhi alipita na fimbo yake akivisalimu kimoja kimoja. "Mmeamkaje wageni? Na wewe mwenye pembe, bado umenuna?"

Kilichompa jina Mama Mazimwi katika fani ni ngozi ya kuungua. Alichukua karatasi laini za shashi, akazipaka utomvu wa mpira tabaka juu ya tabaka usoni mwa mwigizaji, akazichana kabla hazijakauka, akatia wekundu ndani ya michaniko na weusi pembeni. Hata daktari angeshtuka. Waongozaji waliipenda kwa sababu ilifupisha kazi. Ukimpaka mtu ngozi ile, watazamaji wanajua papo hapo kwamba huyu ndiye mbaya. Huna haja ya kuandika kwa nini ni mbaya. Kwa hiyo kila mchawi, kila jemadari wa nyota, kila mla watu aliyepita mikononi mwake alipata shavu la kuungua. Sinema ilipozinduliwa alikaa viti vya nyuma, hatazami skrini, anatazama watu. Akiona mwanamke ameziba mdomo kwa kiganja, roho yake inatulia. Huo ndio ulikuwa mshahara wake mtamu.

Ndipo akatokea Bosi Asali.

Bosi Asali alikuwa mtayarishaji na mwongozaji kwa pamoja, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyemwita kila mwanamke "malkia wangu" na kila mwanamume "jembe langu". Alileta mswada wa sinema kubwa: mwanga wa dunia umepotea, msichana anashuka chini ya ziwa lililokauka kuutafuta, na huko anawakuta watu wa gizani na mfalme wao. Mama Mazimwi aliusoma kwa pumzi moja. Mfalme alikuwa na hotuba ambayo ilimfanya ashushe miwani. Hakuwa mbaya, mfalme yule. Alikuwa amechoka kusingiziwa.

Kwa mara ya kwanza Mama Mazimwi hakufikiria ngozi ya kuungua. Alimtengenezea mfalme ngozi nyembamba ya kupenyeza nuru, kama ya mjusi aliyeanguliwa sasa hivi, mishipa ikionekana ndani yake, na macho makubwa yasiyo na kope. Kila alipokipita kile kichwa alikigusa shavu kwa kidole. Alijua kabisa kwamba hajawahi kufanya kitu kizuri kama kile.

Kisha Bosi Asali akapiga simu. "Malkia wangu, mfalme achana naye. Nimeshampata mfalme. Nakutumia umtengenezee meno tu."

Mtu aliyekuja alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, kijana wa makamo, amevaa shati lililopigwa pasi. Mtungi wa gesi ulikuwa umemlipukia kazini. Upande mzima wa uso wake ulikuwa umeyeyuka na kuganda upya. Jicho moja limevutwa chini, sikio halipo. Mama Mazimwi alimwona mlangoni, na kitu cha kwanza kilichompitia kichwani, kabla hajakizuia, kilikuwa: kazi nzuri.

Alimkalisha, akaanza kumpima taya. Bibi akaingia na fimbo yake, akamtazama yule mgeni, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, na joto hili! Vua hilo dubwana upumzike, utaungua uso."

Mama Mazimwi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mama!"

"Mama nini? Si nimesema avue, kwani anaigiza sasa hivi?"

Mchomeleaji alijigusa shavu. Kisha akasema kwa upole, "Halivuki, Bibi. Hili nalala nalo."

Bibi alisogea, akainama, akaona. Akakaa kwenye kigoda. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nyumba hii imeniharibu macho."

"Usijali. Wewe angalau umenionea huruma ya joto."

Walicheka, ila Mama Mazimwi hakucheka. Alimwona mgeni akiyainua macho kwenye rafu, akizipitia zile nyuso taratibu: mchawi, jemadari, mla watu. Shavu la kila mmoja lilikuwa lake. Aliomba maji ya kunywa, akashukuru.

Kabla hajaondoka, Mama Mazimwi alimuuliza kama amesoma mswada.

"Hotuba nimeishika yote. Nataka niisikie ikitoka kwa sauti. Nikiikosea niambie."

Akasimama katikati ya vipande vya sponji, akaisema. "Ninyi wa juu mnasema tumeiba mwanga. Tumezaliwa gizani, tungeuiba kwa mkono gani? Tulihisi joto lake likipita ukutani, tukaulizana, ni nani huyu anayetupita bila kubisha hodi?" Sauti yake ilikuwa nzito na haikuwa na haraka. Alipomaliza, Bibi alikuwa amesahau kufunga mdomo.

"Mimi kazini nimewekwa nyuma ya ua," mchomeleaji alisema huku akifunga kifungo cha shati. "Mwenye karakana anasema wateja wanashtuka. Bosi wenu aliponiambia mfalme anasema maneno mengi, nikamwambia nipo."

Sinema ilipigwa kwenye ghala kuukuu la mbolea. Siku ya mfalme, Mama Mazimwi alifika na sanduku lake la meno, akakuta karatasi mpya zinagawiwa. Aliipekua ile ya mfalme mbele na nyuma. Hotuba haikuwemo. Paliandikwa: mfalme ananguruma, mfalme anakula nyama mbichi, msichana anamchoma mkuki.

Bosi Asali alikuwa kwenye kiti chake anakula mayai ya kuchemsha, anayatia mazima mdomoni.

"Bosi, hotuba iko wapi?"

"Tumeikata, malkia wangu. Ndefu. Mfalme hasemi, mfalme ananguruma." Kiini cha yai kilikuwa kimemganda pembeni mwa midomo, na alipozungumza kilimeguka kikamwangukia shatini. "Watu wanataka kuogopa, hawataki kuhubiriwa."

"Basi tumia kichwa nilichotengeneza. Aingie mtu mwingine ndani yake, angurume hadi achoke."

"Kichwa chako kizuri, lakini watu watajua ni mpira. Huyu ni halisi, Mungu ametufanyia kazi yote bure." Alicheka, na Mama Mazimwi akauona ute mwembamba ukivutika kati ya meno ya juu na ya chini. "Wewe mwongezee kidogo tu pale kwenye jicho. Utelezi utelezi. Nataka mtu akimwona atapike popkoni zake."

Mama Mazimwi, aliyekuwa akizamisha mkono kwenye makamasi ya kutengeneza huku anakula, alijikuta amerudi nyuma hatua moja. Haikuwa hasira. Hasira aliijua, ilimpanda kichwani na kumtoa jasho. Hii ilikuwa chini zaidi, baridi, kama kukanyaga kitu laini gizani bila viatu.

"Mimi simpaki," alisema.

"Humpaki?"

"Simpaki, simtii meno."

Bosi Asali alimtazama kwa tabasamu lilelile. Akajifuta vidole kwenye suruali, akanyanyuka, akaiokota ndoo ya ute kwenye vitu vya Mama Mazimwi. "Kazi ya mkono tu hii. Nitampaka mwenyewe."

Mama Mazimwi alikimbia hadi nyuma ya pazia ambako mchomeleaji alikuwa ameketi na vazi la mfalme mapajani. "Wamekata hotuba. Wanataka ungurume tu. Nenda nyumbani, baba. Nitakusindikiza mimi mwenyewe."

"Nimewasikia. Ghala hili lina mwangwi."

"Basi twende."

Hakuinuka. "Mama, nikuulize. Wale wa kwenye rafu yako, ulipokuwa unawafanya vile, ulikuwa unamfikiria nani?"

Mama Mazimwi alifungua mdomo. Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuwa anamfikiria mtu yeyote, na alipolitazama jibu hilo aliliona ni baya kuliko mengine yote. Akayashusha macho kwenye vazi la mfalme.

"Ndiyo hivyo," mchomeleaji alisema. Akavaa vazi.

Bosi Asali alimpaka kwa mikono yake, akimsugua shavu kama mtu anayepaka siagi, akipiga soga na mpiga picha. Taa zikawashwa. Nyama mbichi ikawekwa kwenye sinia. "Anza!"

Mchomeleaji alilisogeza sinia pembeni. Akanyoosha mgongo, ute ukimdondoka kidevuni, akamtazama msichana mwigizaji usoni, akaisema hotuba. Yote. Mshika taa aliishusha mikono pasipo kujua. Msichana, aliyepaswa kupiga mayowe na kuinua mkuki, alisimama machozi yakimtoka.

"Kata!" Bosi Asali aliruka, na watu wote walimtazama wakidhani sasa atamfukuza. Alikuwa anapiga makofi. "Safi sana, jembe langu! Mdomo umecheza vizuri mno. Sauti tutaifuta, tutaweka yetu."

Na ndivyo alivyofanya. Sinema ilipozinduliwa, Mama Mazimwi alikwenda, akakaa viti vya nyuma kama kawaida yake. Mfalme alipojitokeza kwenye skrini, ukumbi mzima ulipiga yowe. Mdomo ulifunguka, na badala ya maneno kikatoka kishindo cha mnyama, kama mbwa na nguruwe waliochanganywa. Yeye peke yake aliyasoma maneno kwenye midomo ile: tungeuiba kwa mkono gani. Kando yake mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa kiganja, akasema, "Jamani, kinatia kichefuchefu," na mwenzake akacheka. Mama Mazimwi aliwapita kwa magoti yao, akafika chooni kwa shida, akatapika mpaka tumboni pakawa hapana kitu.

Alipokwisha kunawa aliusikia ukumbi ukishangilia. Mkuki ulikuwa umeingia.

Alikaa siku kadhaa akijipa moyo, kisha akaenda kumtafuta mchomeleaji. Alimkuta nyuma ya ua, ngao ya kazi usoni, cheche zinaruka. Hakuizima mashine mpaka alipomaliza kiungo chake, na hata hapo ngao hakuivua.

"Watoto wa mtaani wananingurumia," alisema. "Wa dukani pia. Mmoja alinitupia kipande cha utumbo."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini? Wewe hukunipaka."

"Rafu nimeisafisha. Wote wale nimewatia jalalani." Akaendelea kwa haraka. "Na nimekutafutia kazi. Kuna watu wanatengeneza michezo ya redioni, ya nyota na majini na mambo hayo hayo. Nimewaeleza sauti yako. Wanakutaka kesho."

Mchomeleaji aliinua ngao. Mama Mazimwi hakuwahi kutazamwa namna ile. Ndivyo mtu anavyokitazama chakula kilichooza alichoandaliwa kwenye sahani safi.

"Redioni. Ili nisikike bila kuonekana."

"Sikumaanisha..."

"Yule alinitaka uso bila sauti. Wewe unanitaka sauti bila uso. Gawaneni basi." Akaishusha ngao. "Sogea kidogo, mama. Cheche hizi zinaunguza."

Alisogea. Alisimama pale akimtazama akifanya kazi hadi akaona anamkera, akaondoka.

Bosi Asali alimpigia kwa ajili ya sehemu ya pili. Mama Mazimwi alimsikiliza akimwita malkia, akakata simu katikati ya neno. Kazi zilipungua, hazikuisha. Alifanya samaki wenye miguu, alifanya watu wa barafu, alifanya bibi harusi wa mwezini ambaye Bibi alimpenda hata akamwombea abaki sebuleni.

Majuzi walimjia vijana wawili, wapole, wenye mswada mzuri. Walitaka mchawi. "Tumesikia wewe ndiye mwenyewe wa ile ngozi ya kuungua," walisema.

"Mwandikieni ubaya wake," aliwaambia. "Usoni mwake msiweke kitu. Mwacheni awe na sura nzuri, kisha tuone kama mnajua kuandika."

Walimsikiliza kwa heshima, wakanywa chai, wakaaga. Walimpata mwingine wa kuifanya ngozi ile, na inasemekana aliifanya vizuri sana.