Hita ya Lori Katika Joto la Durban

Siku aliponiletea lile boksi la mbao na kuniambia ndani yake kuna hita ya injini, nilimtazama usoni nione kama anacheka. Hakucheka. Ilikuwa mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshalowa jasho mpaka kwenye mkanda wa suruali. Gereji ninayofanyia kazi iko Clairwood, katikati ya maghala, mahali ambapo bati la paa huanza kulia kwa joto kabla hujamaliza chai. Injini za hapa Durban hufa kwa kuchemka. Nilikuwa sijawahi kuona hata moja iliyokufa kwa baridi.

Mwenye boksi hakuwa mgeni kwangu. Nilipofika kutoka Kongo, sina mtu wala karatasi, ndiye aliyenipokea Albert Park, kwenye chumba chake cha ghorofa ya saba, tukalala godoro moja karibu mwaka mzima. Ananizidi miaka kama kumi, kwa hiyo nilimwita grand, kama tunavyowaita wakubwa wetu, naye akaniita petit, yaani mdogo wake, hata baada ya mimi kuoa na kuota kitambi. Miaka yote alikuwa akiuza simu mjini. Sasa ghafla alikuwa ameacha simu na kununua lori kuukuu la jeshi kwenye mnada: magurudumu sita marefu mpaka kifuani, rangi ya majani yaliyokauka, na mabenchi ya askari bado yamo nyuma.

"Nimepata kazi kule juu, kwa mupaka wa Lesotho," aliniambia. "Kupelekea wafugaji majani ya kondoo wakati wa baridi. Asubuhi motere inakuwa kama jiwe, petit. Bila hii kitu haiwake."

"Wewe na kondoo, grand?"

"Mimi na kondoo."

Mchomeleaji wetu, Mzulu mmoja mwenye mdomo, alisema kesho nitaletewa friji niishonee koti. Wote walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri kulala ni shida.

Nikiri kwamba chombo chenyewe kilinipendeza. Kilikuwa kama mtungi wa chuma uliolazwa ubavu, kimetoka Ulaya kwenye mabaki ya jeshi la huko, na karatasi ya maelezo imeandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu gerejini aliyeijua. Lakini chuma hakina lugha, ukikifungua kinajieleza. Kinavuta dizeli kutoka kwenye tangi la lori, kinaichoma ndani ya chumba kidogo, moto ule unapasha maji ya injini, na pampu ndogo ya umeme inayazungusha mpaka bloku nzima inapata joto. Ndipo unapiga stata. Bila hivyo, kwenye baridi kali, oili inakuwa nzito kama uji wa jana, stata inalia na kulia, na betri inakufa mikononi mwako.

Nilikifunga kwa siku nne. Katika siku hizo nne niliona mambo.

Niliona kwamba simu yake ikilia, anatoka nje ya geti kuipokea. Nilipomwambia tupake lori rangi nyingine, bluu au nyeupe, alikataa. Nilipomwambia tung'oe mabenchi apate nafasi ya mizigo, alisema yabaki. Akataka tangi la pili la dizeli. Tangi la pili la nini? Kutoka hapa mpaka Lesotho ni mwendo wa asubuhi moja, na vituo vya mafuta viko njia nzima. Na alipofika kwenye bei yangu hakubishana hata kidogo, mtu ambaye nimemwona akigombania nyanya sokoni mpaka muuzaji akakaa chini.

Dalili ya mvua ni mawingu. Nilianza kuunganisha.

Baridi ninayoijua mimi iko mahali pamoja tu, kwenye milima ya juu kule kwetu, na wanaokaa huko na malori ya rangi ile ni watu wa bunduki, hawafugi kondoo. Lori kama lile liliingia mtaani kwetu nikiwa na miaka kumi na tano. Lilisimama mbele ya duka la mikate, vijana wakapandishwa kwenye mabenchi, na kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Hakurudi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wanasema, na mimi nilikuwa chini ya ung'ongo wenyewe, nimelala chali, naufunga nati. Kila nikiinua macho naona chasisi ya kijeshi. Niliogopa. Nilijiuliza kama mikono yangu inatengeneza gari litakalobeba kaka za watu wengine, na kama mtu niliyelala naye godoro moja ameuza roho yake kwa watu wale.

Ungesema, si ungemuuliza? Lakini anayeshuku haulizi. Akiuliza atajibiwa, na jibu atalishuku pia.

Siku ya mwisho aliniletea madumu matatu ya dawa ya rejeta, ile ya kijani inayochanganywa na maji ya injini yasigande. "Tia hii yote, petit. Wafugaji wamenikazia sana hapo." Akaondoka. Nikabaki na madumu yangu matatu, na papo hapo shetani akanipa akili.

Kwenye milima yetu ya nyumbani baridi inauma, lakini maji hayagandi. Kule mpakani mwa Lesotho yanaganda, hata televisheni huonyesha. Basi nikitia maji matupu ya bomba, maji yatanijulisha. Akipeleka lori nyumbani kwenye vita, litaenda vizuri na sitasikia neno. Akipeleka kwa kondoo kama anavyosema, asubuhi moja litaganda, atanipigia simu, na mimi nitakuwa nimejua. Kuhusu madhara sikuwa na wasiwasi. Barafu niliyoijua ni ya friji: unaitoa, inayeyuka, inarudi kuwa maji. Na hita si ipo? Si kazi yake kupasha? Itayeyusha, atachelewa saa moja, basi. Hata ile chupa ya maji iliyowahi kupasuka kwenye friza ya nyumbani haikunikumbusha kitu, na mimi najiita fundi.

Nikafungua bomba, nikatia mpira, nikajaza. Madumu nikayaficha nyuma ya matairi mabovu.

Alipokuja kuchukua gari tulijaribu hita mbele yake. Nilibonyeza swichi, ikavuma taratibu, ikatoa moshi mweupe kidogo, halafu ikatulia na kunguruma kwa raha. Baada ya dakika ishirini alishika mpira wa rejeta, akauachia haraka, akacheka kwa furaha. "Iko moto! Petit, wewe ni mwalimu!" Akanikumbatia na jasho langu lote. Niliona aibu kidogo, nikaimeza.

Akaondoka na lori lake. Wiki zikapita. Kila nilipompigia, simu haipatikani. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Jumapili kanisani kiti chake kitupu. Nilianza kujipongeza kwa huzuni, kama daktari aliyegundua ugonjwa mbaya kwa usahihi. Nilimwambia mke wangu kikulacho ki nguoni mwako. Hata sala zangu zilibadilika. Nilikuwa namwombea kama mtu aliyepotea.

Mwezi wa saba, asubuhi, simu ililia. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na nyuma yake upepo.

"Petit, motere imekufa. Baridi ya usiku huu imepita zote, imeiua. Njoo, tafadhali."

Nilijua wakati ule ule. Nakumbuka nilifurahi, nusu dakika hivi, kwamba alikuwa amesema kweli. Kisha nikaenda kuyatazama madumu nyuma ya matairi.

Nilipanda na gari la kuvuta magari mabovu, tukapita Maritzburg, tukapanda mpaka nyasi zikawa nyeupe ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Lori lilikuwa limesimama kando ya barabara ya changarawe, limejaa marobota ya majani makavu mpaka juu. Ya kondoo. Kwenye mabenchi, ambayo niliyafikiria yote niliyoyafikiria, kulikuwa na makoti na birika la vibarua waliokuwa wakimsaidia kupakua. Walikuwa wamekwisha kutembea kwenda shambani kuomba msaada. Tangi la pili lilikuwa na dizeli, kwa sababu kule vituo vya mafuta hakuna. Simu haikushika mtandao mpaka upande kilima. Alikuwa amekipanda ili anipigie. Na kule gerejini, nilikuja kuelewa nimesimama pale pale, alikuwa anatoka nje ya geti kwa sababu grainda yetu haimruhusu mtu kusikia hata jina lake.

Yeye mwenyewe alikuwa ameivika injini blanketi lake. Amebaki na shati na sweta.

"Nisamehe, petit," alisema kabla sijamsalimu. "Nimeharibu kazi yako. Pengine nilifinya vibaya. Nilifinya swichi, ikalia, ikanuka, ikazima. Nikarudia mara tatu."

Nilitoa blanketi. Pembeni ya bloku, vifuniko viwili vya chuma vilikuwa vimesukumwa nje, na kwenye tundu moja barafu ilikuwa imechomoza kama kizibo. Nyeupe, safi, bila tone la kijani. Chini yake ufa umepita kwenye chuma, mrefu kuliko kiganja changu. Maji yakishaganda, pampu haina cha kuzungusha. Hita iliwaka na kupasha mahali pamoja, ikajizima kujiokoa. Bloku ilikuwa imekwisha kupasuka usiku. Hilo halichomelewi. Lori lile lilikuwa simu zake zote, duka lake lote na miaka yake yote ya Durban, na kazi ya majira ya baridi ingekwenda kwa mwenye lori lingine kabla ya jioni.

"Si wewe, grand," nilisema. "Ni mimi. Ile dawa sikuitia. Nilitia maji."

Akanitazama kwa upole. "Ulisahau?"

Alinifungulia mlango mwenyewe, mpana kabisa. Ningesema ndiyo, angeniambia hata wazee husahau, na tungekuwa ndugu mpaka leo.

"Hapana. Sikusahau."

"Sasa juu ya nini?"

"Nilitaka kujua kama kweli unakuja huku."

"Ulifikiri naenda wapi?"

Niliangalia mabenchi. Aligeuka akalitazama lori, rangi yake, mabenchi yake. Habari ya kaka yangu aliijua. Nilimsimulia usiku mmoja Albert Park, naye alilia kuliko mimi. Aliponigeukia tena nilijua kwamba ameelewa.

"Mie?" alisema.

Neno hilo moja tu. Nilivua koti langu nikampa. Alilipokea, akalivaa, akasema merci, na njia nzima ya kurudi Durban, sisi wawili tumebanana na dereva mbele ya gari la kuvuta, alitazama barabara.

Nilimwambia nitamtafutia injini, nitaifunga bure, nitalala chini ya gari mpaka liwake. Alisema, "Hapana, petit. Wewe pumzika." Mwaka uliofuata alipata injini kwa watu wengine, akarudi milimani. Kanisani tunasalimiana vizuri. Ananipa mkono, anauliza habari za mke na watoto, mmoja baada ya mwingine, na haniiti petit tena, ananiita fundi.

Mchomeleaji wetu alimkuta siku moja kwenye gereji anayotengenezea sasa. Anasema mzee yule ni msumbufu sana. Gari lake likifunguliwa haondoki. Anasimama juu ya fundi tangu nati ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila kinachomiminwa anataka kwanza kukinusa. Mchomeleaji anasimulia akicheka, na mimi namwacha acheke. Mtu yule aliishi Durban miaka kumi na minane hajui kufunga mlango wa chumba chake. Ugonjwa huu wa kushuku ameupata kwangu.