Udongo wa Mto wa Kwao

Mwaka 2016, hapana, 2017, ndipo Mzee Bakiri wa Tanga alipozoea kumtazama jirani yake Mbengali, pale Hillbrow, mtaa wa wahamiaji huko kusini, akimfinyanga kwa udongo mungu wa kike wa Kihindu. Kila udongo aliochanganya aliutia konzi ya udongo wa mto wa kwao, kwenye mji wa mahekalu. Macho aliyachora mwisho, pumzi kaibana. Sikukuu ya mungu huyo ikiisha, sanamu yake hurudishwa majini. Fundi na Bakiri wakambeba mungu hadi bwawani. Mlinzi, Mkongo, akawazuia: “Eish, papa, huku hamuwezi tupa uchafu.” Fundi akaikumbatia sanamu yake, akaufuta vumbi uso wa mungu kwa kidole gumba. Bakiri ndiye aliyewaka, akiyanyooshea mkono maji yaliyojaa chupa na nepi: “Mwanangu, na hizo nepi zinazoelea, zilikuomba ruhusa wewe?”