Herufi Moja Katika Posa ya Nasreen

Pantaleo Ndunguru alianza kutengeneza vyerehani Mtaa wa Likoma, Kariakoo, kabla maghorofa yanayomzunguka leo hayajajengwa. Meza yake iko barazani kwa Bwana Seifu, na mafundi nguo wa mitaa ile wote wanamfahamu. Ambalo wengi hawakulijua ni kwamba ufundi ule aliupata Chekoslovakia. Serikali ilimpeleka akiwa kijana aliyetoka Mbinga juzi tu, akasoma lugha kwanza, kisha mashine. Aliporudi, nchi ile ikagawanyika, barua zikakoma, naye akabaki na Kicheki kichwani bila mtu wa kuzungumza naye.

Asubuhi moja Nasreen, binti wa Bwana Seifu, alitoka ndani akavuta kigoda karibu na meza yake.

"Shikamoo, baba Panta."

"Marahaba, mwanangu. Leo huendi kazini?"

"Nimeomba ruhusa. Nina shida na wewe."

Nasreen ni mtaalamu wa maabara. Hapo kazini kwao alikuja kijana wa Kicheki, Tomáš, kufunga mashine mpya, na wakapendana kwa Kiingereza. Kijana alikwisha kusilimu, na wazee wa nyumba walikwisha kumpeleleza wakaridhika. Ilibaki posa.

"Anakuja mama yake kuniposa," Nasreen alisema. "Baba yake alishafariki. Mama mwenyewe Kiingereza hajui, na Tomáš hawezi kukaa kwenye kikao cha posa yake. Baba kasema wa kutafsiri ni wewe."

Pantaleo alicheka. "Kicheki changu kimelala miaka zaidi ya thelathini."

"Basi kiamshe."

Tomáš alimtumia kwenye simu vitenzi vya Kiingereza vinavyotumika kila siku pamoja na tafsiri zake za Kicheki. Wateja wakipungua, Pantaleo alivaa miwani akasoma kwa sauti, na Nasreen akirudi kazini alimsikiliza. Mzee alifurahi kama aliyekutana na rafiki wa jeshini.

"Angalia hapa," alimwambia. "Mwingereza ana *give*, kutoa. Akitaka maana nyingine anaongeza kineno nyuma: *give back* ni kurudisha, *give up* ni kukata tamaa. Mcheki yeye mara nyingi anapachika kitu mbele. *Dát* ni kutoa. Ukiweka *vz* mbele, ukasema *vzdát se*, umekata tamaa."

"Na sisi tunabadilisha mwishoni," Nasreen alisema. "Toa, tolea, toana."

"Umeona! Lakini kinachonifurahisha ni hiki. Mwingereza akisema *get married*, hujui ni mume au mke. Mcheki anatenganisha kama sisi. Mwanamume ni *oženit se*, kuoa. Mwanamke ni *vdát se*, kuolewa."

Aliyekuwa hafurahi ni mama wa binti, Bi Ummy. Hakupinga, maana kijana hakuwa na kasoro na mwanawe alikuwa anampenda. Ila binti angehamia kwao kijana, na usingizi ulimpaa. Siku moja alimletea Pantaleo chai, akabaki amesimama.

"Fundi, wewe umeishi kwao. Mama mkwe wa huko akimchukia mke wa mwanawe, mtoto anakimbilia kwa nani? Hapa angekuja kwangu kwa miguu."

"Wapo wema na wapo wakali, mama Nasreen. Kama Magomeni tu."

Bi Ummy alichukua kikombe kabla chai haijaisha, akaingia ndani.

Posa ilifanyika Jumapili baada ya alasiri. Bi Jarmila, mama wa Tomáš, alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mnene, mwenye mikono mikubwa. Alijitanda mtandio, akakaa wima kwenye kochi na bilauri ya juisi ya ukwaju. Pantaleo alikaa pembeni yake. Msemaji wa upande wa binti alikuwa Mzee Ismail, kaka yake Bwana Seifu, karani mstaafu wa bandari. Kiingereza chake anakijivunia, na kwa heshima ya mgeni aliamua kukitumia, ingawa mgeni mwenyewe hakielewi.

Salamu zilikwenda vizuri. Bi Jarmila alisema alichotumwa na mwanawe, Pantaleo akakitafsiri bila kukwama. Kisha Mzee Ismail akakohoa kidogo, akasema kwa Kiingereza kwamba binti yao yuko tayari, *she wants to get married*.

Pantaleo akageuka kwa mgeni, akasema kwa Kicheki, kwa sauti ya kujiamini: "*Dcera se chce vzdát.*"

Bi Jarmila akaweka bilauri mezani. "Kweli?" aliuliza.

"Kweli kabisa. Tena kwa hiari yake."

"Na wazazi wanasemaje?"

"Wazazi wamefurahi sana."

Yule mama aliwatazama mmoja mmoja. Halafu akasimama, akasema anaomba kumwona binti, sasa hivi. Mzee Ismail alishangaa, kwani kikao ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza. Lakini mgeni ni mgeni. Bi Ummy alitoka uani akampeleka chumbani, Pantaleo akasimama nje ya pazia, ameupa mlango mgongo, ili atafsiri.

Bi Jarmila aliketi kitandani, akashika mikono ya Nasreen, akazungumza polepole.

"Anasema," Pantaleo alianza, "anasema kama hutaki, mwanangu, usiogope. Hakuna atakayekulazimisha. Mwanawe ataumia, lakini atamwambia yeye mwenyewe. Na anasema hatakuwa na kinyongo na wewe hata kidogo."

Nasreen akamtazama mgeni, kisha pazia.

"Nani kamwambia sitaki?" Nasreen aliuliza.

Pantaleo alirudia moyoni maneno aliyoyasema sebuleni, na safari hii akaisikia ile z.

"Ni mimi," alisema. "Nimemwambia umekata tamaa. Na wazazi wako wamefurahi."

Akamwambia mgeni kwa Kicheki, kutoka kule kule nje ya pazia, akiomba radhi na kurudia: "*Vdát*, mama! *Vdát*, siyo *vzdát*!" Bi Jarmila alilitazama pazia kwanza kama hajaelewa. Kisha akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika. Nasreen naye akashindwa kujizuia.

Bi Ummy hakucheka. "Fundi, hebu rudia," alisema. "Kasema hatakuwa na kinyongo na nani?"

"Na Nasreen."

"Na mwanawe wa kumzaa angemwambia amwache?"

"Ndivyo alivyosema."

Bi Ummy akaketi upande wa pili wa binti yake. Macho yalikuwa yamemlowa. "Mwambie karibu," alisema. "Mwambie mimi nimeridhika."

"Mama Nasreen, kikao hakijaisha."

"Mwambie hivyo hivyo."

Waliporudi sebuleni Pantaleo aliwaeleza wazee kilichotokea, kisha akamwomba Mzee Ismail aseme Kiswahili. "Nikianzia kwetu sipotei njia." Mzee Ismail alinuna kidogo, lakini akakubali. Akatamka kwa Kiswahili kwamba binti amekubali kuolewa, mahari ikatajwa, fatiha ikasomwa. Ijumaa iliyofuata ndoa ilifungwa msikitini.

Bi Jarmila hakuondoka mara moja. Asubuhi alifuatana na Bi Ummy kwenda Feri kununua samaki, mmoja akinyoosha kidole na mwingine akitikisa kichwa. Jioni alikaa barazani. Pantaleo alifungua vyerehani huku akimsimulia bweni la kiwandani, theluji ya kwanza, na supu ya kabichi aliyoichukia hadi akaizoea. Maneno aliyodhani yamekufa yalirudi, mengine yamepinda. Bi Jarmila aliyanyoosha, wakaendelea.

Alipoondoka pamoja na maharusi, mafundi nguo waligundua kwamba mzee amekuwa mkimya. Aliwatengenezea mashine zao, akapokea chake, basi.

Jioni moja Bi Ummy alichungulia mlangoni na simu mkononi, kioo kimejaa uso wa Bi Jarmila.

"Fundi, mwenzangu huyu hapa, na mimi nimeishia kwenye salamu. Njoo."

Pantaleo akafuta mikono yenye mafuta ya mashine, akaingia ndani.