Nyama Bila Chumvi

Jioni hiyo kamati ya klabu ilijifungia katika chumba cha nyuma ya bucha, hapo Kitengela, ili ichague kocha mpya. Nzembi, muuza mboga wa jirani, hakufunga kibanda chake. Macho yake yalikuwa kwa mwenye bucha. Ndiye aliyefundisha timu mpaka Krismasi, wakamtoa, na sasa jina lake lilikuwa limerudi mezani. Alikata nyama kama kila siku: anapangusa kisu, anakata kipande, anakichovya kwenye chumvi, anampa mteja aonje bure.

"Mrudisheni mzee! Si alitufikisha fainali?" Kyule, mmoja wa wateja, akasema.

"Fainali gani?" Leshan, mteja mwenzake, akamrukia. "Kisaju walitupiga tano, hata wamama wakatoka uwanjani! Mimi nataka yule kijana wa Kajiado."

Watu wakacheka. Mwenye bucha pia akacheka, akampa Leshan kipande chake.

"Mzee, kwani leo chumvi imeisha?" Leshan akauliza akitafuna.

Bakuli la chumvi lilikuwa mbele ya mwenye bucha, limejaa. Nzembi akaacha kukata sukuma. Kitasa cha chumba cha nyuma kikalia. Mwenye bucha hakugeuka. Aliweka kisu chini, akapangusa mkono wa kulia kwenye aproni, kidole kwa kidole, kama mtu anayengoja kusalimiwa. Mlango ukafunguka. Wanakamati wakatoka mmoja mmoja, wote wakitazama viatu vyao, na ule mkono safi ukarudi kwenye kisu.