Tanga Lililokataa Kushuka

Nianze na ujinga wangu, maana nisipousema mimi watausema wengine: nilifunga tanga la mashua kwa ngozi mbichi ya ng'ombe.

Mtu wa kwetu hataona ubaya hapo. Huku Hanang kitu kikilegea kinafungwa kwa ukanda wa ngozi mbichi. Mguu wa kigoda, mpini wa jembe, mzinga uliopasuka, hata kitanda alichokufia babu yangu. Ngozi ikiwa na maji ni laini, unaivuta unavyotaka. Ikikauka inabana mpaka panga linakata tamaa. Ndiyo sifa yake. Sikukaa nikafikiri kwamba tanga, tofauti na kitanda, linatakiwa kupanda na kushuka.

Mnaweza kuuliza mimi na mashua tulikutana wapi, kwa sababu ni mtu wa nyumbani haswa. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi, nikakaa. Wenzangu wa darasani wako Arusha, wako Dodoma, mmoja nasikia anafanya kazi melini. Safari yangu ndefu ya mwaka ni kwenda kwa shemeji yangu Dongobesh, na hata huko siku ya pili naanza kuwaulizia kuku wangu. Mashua niliipata kwa mvuvi aliyekuwa anahama. Alichukua mbuzi wangu mmoja akaniachia mashua, akasema afadhali kuhama na kitu kinachotembea chenyewe.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya ziwa. Ng'ambo ndiko alikoolewa dada mkubwa wa mama, yaani mama yangu mkubwa. Kwa macho ni pale tu, asubuhi unauona moshi wa jiko lao. Kwa barabara ni kuzunguka ziwa zima juu ya bodaboda, mawe kwa mawe, na mama alikuwa amevunjika nyonga. Ilikuwa imeunga, lakini akikalishwa kwenye pikipiki anauma pindo la kanga yake asipige kelele. Mwishowe akakataa kabisa. Basi ndugu wawili waliokua wakichota maji pamoja wakawa wanasalimiana kwa simu yangu, tena kwa sauti ambayo ingefika ng'ambo hata bila simu.

Halafu mama mkubwa akaanza kupoteza macho. Siku moja alisema kwenye simu kwamba watu sasa anawatambua kwa sauti, nyuso anaziona kama zimezama kwenye maziwa. Mama akanirudishia simu. Akavuta ungo wa maharage, akaanza kuyachambua, na yalikuwa yameshachambuliwa.

"Mwanangu," akasema baadaye, "nataka dada anione. Kunisikia ananisikia. Nataka anione, kabla macho hayajafungika kabisa."

Nilijaribu makasia kwanza. Upepo wa ziwa letu unakuja ubavuni, unakusukuma kwenye matete huku wewe unajiona unakwenda mbele. Hatukufika hata robo ya njia.

"Turudi," mama akasema. "Unapumua kama ng'ombe anayezaa. Nikifa mimi watasema umeniua, ukifa wewe watasema nimekuroga."

Ndipo nikaanza kutafuta tanga.

Kwenye simu nilikuta matanga ya kila namna. La pembetatu, kama la watu wa pwani, lilinivutia kwa uzuri wake, lakini lina mti mrefu juu ambao unapaswa kuhamishwa upande wa pili wa mlingoti, na anayeuhamisha inabidi asimame. Mimi kwenye mashua sisimami. Wavuvi wetu wengine hutundika shuka tu, na upepo ukizidi wanaiachia iende zake. Mke wangu alipata habari hiyo kabla sijamwambia, akazihesabu shuka zake mbele yangu.

Kisha nikaliona la Kichina. Tanga bapa, pana, lenye fito zilizolala toka ukingo hadi ukingo kama mbavu, moja juu ya nyingine. Aliyekuwa anaeleza ni mzee wa Kizungu, na Kiingereza chake nilikielewa nusu, ile nusu aliyokuwa anaonyesha kwa mikono. Lakini nilichokiona kilinitosha. Mzee alikuwa amekaa. Mkono mmoja una kikombe cha chai. Akaachia kamba moja tu, na tanga lote likashuka lenyewe, ubavu juu ya ubavu, likatulia mbele yake kama paka. Nikasema, hili ndilo. Wengine huchagua tanga kwa mbio zake. Mimi nililichagua kwa jinsi linavyoacha kwenda.

Nikachukua turubai letu la bluu la kuanikia mahindi.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "na mahindi tutaanika wapi? Juu ya samaki?"

"Turubai litarudi."

"Litarudi likiwa na mbavu?"

Hata hivyo aliingia kushona, kwa sindano ya magunia, na mishono yake ndiyo pekee ambayo haikuachia. Fito za mianzi nilizitoa kwa shemeji Dongobesh. Mlingoti ni mkaratusi wa shambani, niliuchomeka kwenye tundu la ubao wa kukalia, mguu wake nikaukaza kwa kabari chini. Kila ubavu ulihitaji kitanzi cha kuushikilia kwenye mlingoti. Kwa ajili ya vitanzi hivyo nilikwenda kwa jirani yangu, mfugaji, ambaye alikuwa amechinja wiki ile.

"Ukanda wa nini?" akauliza.

"Wa kufungia tanga."

"Tanga anakula nini?"

"Anakula upepo."

"Basi atakonda," akasema, akanikatia ukanda mzuri, mrefu, bado una harufu.

Jioni ile nilijaribu ufukweni, mashua ikiwa juu ya nyasi, ngozi ikiwa bado mbichi. Nikavuta kamba, tanga likapanda. Nikaachia, likashuka, tena kwa adabu. Likapanda, likashuka. Nilikuwa nimekaa, kama yule mzee. Nikampigia mke wangu kelele aniletee chai. Hakuleta, lakini haikuharibu kitu.

Kilichoharibu ni majivuno. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na watu wakitoka kanisani hupita njia iliyo juu ya ziwa. Nikaona si vibaya wakilikuta limesimama. Nikalipandisha asubuhi, nikaliacha. Jua la kiangazi likawaka kutwa, watu wakasimama, wakapiga picha, wakauliza ni bati la aina gani. Sikulishusha hata usiku. Jumatatu nilipolikuta liko juu, tayari, nikafurahi kwamba nimepunguziwa kazi.

Mama tulimbeba na kigoda chake, mimi na jirani, tukamweka katikati ya mashua.

"Shikamoo mama," jirani akamwambia. "Unakwenda ng'ambo au mbinguni?"

"Marahaba. Kokote, ilimradi hakuna pikipiki."

Safari ile ndiyo ninayoikumbuka hata leo nikiwa nalisha kuku. Upepo ulikuja ubavuni kama kawaida yake, lakini safari hii turubai likaupokea, likavimba kidogo kati ya ubavu na ubavu, na mashua ikaanza kwenda bila mtu kupumua. Sikujua kwamba kutoka nyumbani kunaweza kuwa kimya namna ile. Maji yalikuwa yanasema kitu kidogo chini ya mbao. Mlima Hanang ulikuwa na kofia yake ya wingu. Mama aliingiza vidole majini, akanionyesha mahali ambapo yeye na dada yake walivunja mtungi wa nyumbani wakiwa wasichana, wakakubaliana kusema umevunjwa na fisi.

"Wakaamini?"

"Baba alituuliza fisi alikuwa anachota maji ya kupikia nini." Akacheka mpaka akashika nyonga.

Basi tukafika, na hapo nikaachia kamba.

Hakuna kilichoshuka. Nikaitikisa. Nikasimama, mimi ambaye sisimami, nikauvuta ubavu wa chini kwa mikono miwili. Vitanzi vilikuwa vimekauka, vimeuma mlingoti kama meno. Kulikuwa na kamba ya pili, ya kuongozea tanga; ningeiachia, tanga lingegeuka na upepo likatulia, lakini nilikuwa nimeifunga kwa fundo la kufungia fahali. Mbele yetu ng'ombe wa watu wa kule walikuwa wanakunywa. Wakatutazama, wakaelewa kabla yangu, wakatimka. Tukaingia kwenye matope walipokuwa wamesimama, tukapanda nyasi, tukakwama, na tanga bado linavuta, likitaka tuendelee hadi kijiji cha Dirma.

Mama hakuanguka. Alirekebisha kanga. "Huwa ndivyo linavyosimama?" akauliza.

Kabla sijamjibu nikasikia mtu analia kwa furaha. Mama mkubwa alikuwa amekaa pale ufukweni toka asubuhi, fimbo mapajani. "Nimekiona!" alikuwa anasema. "Kitu cha bluu! Nimekiona toka kule katikati!" Ziwa hilo alikuwa hajaona kitu juu yake kwa muda mrefu. Tukamsogeza mama karibu, mpaka pua zao zikakaribia kugusana, na mama mkubwa akamshika mashavu, akamgeuza kwenye mwanga, huku, kule, kama anayekagua kitambaa.

"Umekuwa na uso wa mama yetu," akasema. "Wote. Hata hili kunyanzi."

Nilikata vitanzi kwa panga, kwa taabu, nikafunga kamba za kawaida, nikarudi peke yangu. Tulikubaliana nimfuate mama baada ya wiki. Wiki ilipokwisha nikaenda, tanga likipanda na kushuka kama watu. Nikamkuta anampakulia dada yake ugali, wanabishana kuhusu yule fisi.

"Wewe nenda tu," mama akasema. "Dada anahitaji macho. Na mimi nahitaji mtu wa kubishana naye. Wewe unakubali kubali mno."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nikarudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayeniuliza kupitia ukuta, kabla hata jogoo hajawika, kama nimefunga zizi. Mke wangu alipakua chakula cha mtu mmoja zaidi kwa siku kadhaa. Ungo wa maharage ulibaki msumarini. Nilichukua desturi ya kukaa kwenye jiwe juu ya ziwa jioni, nikitafuta moshi wao, na jirani akirudisha ng'ombe ananikuta hapo. Siku tatu nne alipita akanisalimia tu. Siku niliyomwambia kwamba nyumba imekuwa kubwa, kwamba labda ningempeleka mama kwa wiki moja tu nikaishia hapo, alisimamisha fimbo yake chini akanitazama.

"Wewe jirani una mvi kidevuni na unalia kama ndama aliyeachishwa," akasema. "Mama yako hajapotea, kahama, na aliyemhamisha ni wewe."